Moja, tatu, nne, mbili: historia ya Pijo yetu na kiwanda cha Huangpu

Najua nimekaa kimya muda mrefu. Zamu za usiku zimenibana, lakini pia kwa wiki tatu kichwa changu kilikuwa kwenye jambo moja tu: pikapu ya marehemu baba. Wengine mmesikia nusunusu kutoka kwa mama, wengine mmeambiwa gari limeshauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Halijauzwa. Leo nitaeleza yote, ila mnivumilie nianzie mbali, kwa sababu nikihangaika na gari lile nimekutana na historia ambayo sikuijua kabisa, na iko hapa hapa ninapoishi.

Kwanza tatizo lenyewe. Pijo ilikuwa inamisi. Ikipanda kutoka Mazeras na mzigo wa nazi inakohoa, petroli inakunywa kama ina hasira. Mdogo wangu akaipeleka kwa fundi mmoja ifanyiwe servisi. Fundi akatoa plagi, akatoa waya zote za plagi, akafungua kifuniko cha distribyuta, akasafisha vizuri, akarudisha. Kuanzia hapo gari halikuwaka tena. Ukipiga stata, linapiga "paa!" kwenye kabureta na moshi unatokea huko huko juu badala ya kwenye ekzosi. Fundi akasema valvu zimeungua, injini imekufa, heri kutia injini ya Toyota au kuuza. Kikao cha familia kikakaa bila mimi (sikulaumu mtu, mimi niko mbali), na Ami akasema kweli yake: gari la zaidi ya miaka 35 si mali, ni gharama. Mnunuzi wa vyuma akaahidi kuja Jumamosi. Nikapigiwa simu Jumanne: ama nitume hela ya injini, ama niseme "uzeni".

Sikuweza kusema "uzeni". Nyote mnajua kwa nini. Gari lile ndilo lililobeba nazi na maembe hadi soko la Kongowea mpaka ada yangu ya chuo ikalipwa, mwaka baada ya mwaka. Digrii yangu ya uuguzi imepanda Pijo ile. Lakini hela ya injini sikuwa nayo.

Sasa turudi nyuma.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Lakini kwetu jina la Pijo lilikuwa limeshajengwa na kaka yake, 404, iliyoanza kutengenezwa 1960. Wazee wanaokumbuka Safari Rally watawaambia. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na 404, na magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1966 na 1967 ikashinda tena mikononi mwa Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na safari hiyo pia yakamaliza saba tu! Halafu 504 yenyewe ikashinda 1975 na Ove Andersson, na 504 Coupé ikashinda 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Kwa mkulima wa Kaloleni hayo hayakuwa michezo tu. Ilikuwa sawa na kuambiwa: gari hili limepita matope ya nchi yako na limefika.

Pikapu ya 504 ilikuja 1979, ikachukua nafasi ya ile ya 404. Nyuma ina ekseli moja ngumu na springi za majani, ndiyo maana inabeba mzigo bila kulalamika. Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizoiunganisha. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kiko Miritini, pale tunapopita kila tukienda mjini. Kilianzishwa 1975 na magari yakaanza kutoka 1977. Vipande vilikuja kwa meli bandarini Kilindini vikiwa ndani ya makasha, watu wetu wakavichomea, wakapaka rangi, wakafunga taa na viti. Pijo yetu ni ya 1986, na kwenye karatasi zake imeandikwa kwamba iliunganishwa Kenya. Baba aliinunua kwa mtu mwaka 1991.

Na msisahau matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ile iliyokuwa inawabana, na tangu hapo pikapu ikawa basi. Unaweka bodi nyuma, mabenchi mawili ya mbao yanatazamana, kondakta ananing'inia mlangoni. Shangazi yangu alijifungulia karibu kabisa ndani ya Pijo ya namna hiyo njiani kwenda hospitali (shangazi, samahani, lakini hadithi hii kila mtu anaijua).

Mwisho wake ulikuja polepole. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, magari ya mtumba kutoka Japani yakamiminika, mengi kupitia Dubai, na bei yake gari jipya la kuunganishwa Kenya halikuiweza. Mwaka 2004 zikaja kanuni za Michuki, mikanda na vidhibiti mwendo, na pikapu za mabenchi zikaaga barabara kuu. Mwaka huo huo 2004 ndipo uunganishaji wa 504 Kenya ulipokwisha. Ufaransa yenyewe ilikuwa imeacha kutengeneza saluni ya 504 tangu 1983. Yaani sisi tuliendelea miaka 21 baada ya wenyewe.

Sasa njooni Huangpu.

Mimi nimeishi wilaya hii ya mashariki ya Guangzhou nikijua kwamba ni mahali pa bandari, makontena na viwanda. Kuna kiwanda kikubwa cha Honda hapa, na barabara yake inaitwa Guangben. "Guang" ni Guangzhou, na "ben" ni kutoka Bentian, jina la Honda kwa Kichina. Nimepita hapo mara nyingi sana kwa basi. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kabla ya Honda, kiwanda kile kilikuwa cha Pijo.

Ndiyo, Pijo! Uchina ilianza kufungua uchumi wake 1978, na 1984 Guangzhou ikawa kati ya miji 14 ya pwani iliyoruhusiwa kukaribisha mitaji ya nje. Mwaka 1985 ikaundwa kampuni ya ubia, Guangzhou Peugeot. Wafaransa walikuwa na asilimia 22 tu ya hisa, sehemu kubwa ilikuwa ya upande wa Wachina. Ilikuwa kati ya kampuni za kwanza kabisa za ubia wa magari Uchina, pamoja na Jeep ya Beijing na Volkswagen ya Shanghai. Na gari la kwanza walilolitengeneza hapa Huangpu lilikuwa lipi? Pikapu ya 504. Baadaye wakaongeza 505. Kwa Kichina Pijo inaitwa Biaozhi.

Kwa hiyo miaka ile ile ambayo vijana wa Changamwe na Miritini walikuwa wanafungua makasha kutoka Ufaransa, vijana wa Huangpu nao walikuwa wanafungua makasha kutoka Ufaransa, ya gari lile lile. Hawakujuana. Mimi ndiye nimekuja kuwakutanisha, tena kwa shida ya waya za plagi.

Hapa Pijo haikudumu. Vipande vingi viliendelea kuagizwa Ufaransa, kwa hiyo fedha ya Ufaransa ikipanda, gari nalo linapanda bei. Modeli zilikuwa za zamani, na Volkswagen Santana ya Shanghai ilikuwa na vipande vingi zaidi vya kutengenezwa hapa hapa nchini, ikachukua soko la teksi na la maofisini. Hasara ikarundikana. Mwaka 1997 Peugeot ikaondoka. Julai 1998 Guangzhou Honda ikaundwa, na Machi 1999 Honda Accord ya kwanza ikatoka kwenye jengo lile. Peugeot ikarudi Uchina baadaye kupitia Dongfeng, na 307 ikaanza kutoka 2004, lakini Huangpu haikurudi tena.

Leo huwezi kuona 504 barabarani hapa. Sheria za moshi na za umri wa magari zimeziondoa. Zimebaki kwenye kumbukumbu za watu.

Mtu mmoja kati yao ni jirani yangu. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, tunaishi jengo moja. Jioni anacheza sataranji ya Kichina chini ya mti na wenzake, na mimi nikirudi kazini humsalimia "shushu", yaani baba mdogo. Siku ile ya Jumanne alinikuta nimekaa kwenye benchi, uso umeniporomoka. Akauliza kuna nini, nani mgonjwa? Wanajua mimi ni muuguzi, kwa hiyo kila huzuni yangu wanaona ni ya hospitali. Nikamwonyesha picha ya gari kwenye simu. Mzee akavua miwani, akaisogeza picha puani, akaweka kidole kwenye simba wa mbele, akaanza kucheka peke yake. Akaita wenzake. Akasema alifanya kazi kwenye laini ya pikapu hizo tangu mwanzo, alikuwa upande wa injini.

Kichina changu ni cha hospitali: unaumwa wapi, umekula, vuta pumzi. Cha injini sina. Lakini nilimwonyesha video aliyonitumia mdogo wangu, ile ya "paa" na moshi kwenye kabureta. Akasikiliza mara mbili. Akaniuliza swali moja: fundi alitoa waya zote kwa pamoja? Nikasema ndiyo. Akapiga paja lake, akachukua kijiti, akachora kwenye vumbi duara nne kwa mstari. Akaanza kuimba kwa kidole: "Yi, san, si, er." Moja, tatu, nne, mbili.

Wallahi nilitetemeka. Maana wimbo huo naujua. Baba alikuwa akiusema kila akiinama kwenye injini Jumapili baada ya kanisa: "Moja, tatu, nne, mbili, mama, shika tochi vizuri." Nilikuwa mtoto, nikidhani ni namna yake ya kuhesabu vibaya makusudi ili nicheke.

Ni mpangilio wa moto. Injini ina silinda nne na hazilipuki kwa kufuatana kama zilivyopangwa. Inaanza ya kwanza, kisha ya tatu, ya nne, ya pili. Hiyo si siri, magari mengi yako hivyo. Siri iko kwingine. Magari mengi ambayo fundi kijana ameyazoea, silinda namba moja iko mbele, upande wa rejeta. Kwenye Pijo hizi za zamani, Wafaransa walihesabu kutoka nyuma. Namba moja iko upande wa flaiwili, karibu na dereva! Fundi akirudisha waya ya namba moja kwenye silinda ya mbele na nyingine zikafuata kwa mpangilio ule ule, kila silinda inapata cheche mzunguko mzima kabla au baada ya wakati wake, pale ambapo valvu ya kuingiza na ya kutoa zote ziko wazi kidogo. Ndipo moto unarudi kwenye kabureta: paa!

Dawa yake, akasema mzee, badilisha ya kwanza na ya nne, kisha ya pili na ya tatu. Basi.

Nilimpigia mdogo wangu kwa WeChat pale pale, kwetu ilikuwa saa sita na kitu mchana. Mzee akasimama nyuma yangu anaelekeza kwa vidole, mimi natafsiri, mdogo wangu amening'inia kwenye boneti, mama pembeni anauliza "huyo mzee ni nani?" Waya nne, dakika tano. Akapiga stata. Mara ya kwanza likazunguka tu. Mara ya pili likawaka.

Mama alipiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Wazee wa sataranji wakapiga makofi bila kujua sawasawa wanapigia nini.

Lakini kuwaka si kupona. Kumbukeni gari lilikwenda gereji kwa sababu linamisi, na bado lilikuwa linamisi. Kwa hiyo Jumamosi ile ile ambayo mtu wa vyuma alikuwa aje, tulifanya kazi kamili, mzee upande huu na mdogo wangu upande ule. Naandika hatua zote hapa zibaki, kwa sababu baba aliondoka bila kuziandika.

Moja: anza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fungua kifuniko cha juu, pima nafasi ya tapeti kwa fila geji. Valvu ya kuingiza milimita 0.10, ya kutoa 0.25. Ya kutoa inapewa zaidi kwa sababu inapata moto zaidi na inatanuka. Zetu mbili za kutoa zilikuwa zimebana, hazina nafasi kabisa. Hapo ndipo pumzi ilipokuwa inavuja.

Mbili: plagi. Kwenye injini hii plagi ziko chini kabisa ndani ya mirija mirefu. Angalia kama kuna oili ndani ya mirija hiyo. Ikiwepo, mpira wa kuzuia umechoka, na cheche itapotea. Nafasi ya plagi milimita 0.6. Na toa waya moja moja, au zifunge karatasi yenye namba! (Fundi, kama unasoma hapa, sina kinyongo na wewe. Hakuna aliyekufundisha Pijo, na waliozijua wanaondoka.)

Tatu: pointi ndani ya distribyuta. Ikiwa zimeungua, badilisha pamoja na kondenza. Nafasi yake milimita 0.4. Hiki ndicho kitu ambacho magari ya siku hizi hayana kabisa, kompyuta imechukua kazi hiyo, na ndicho kinachofanya gari la zamani lihitaji kutyuniwa mara kwa mara. Pointi zinalika kidogo kidogo, na wakati wa cheche unahama.

Nne: taiming. Hapa nilimpenda mhandisi wa Kifaransa aliyebuni kitu hiki. Kuna tundu kwenye nyumba ya klachi. Unaingiza chuma cha mviringo cha milimita 8, unazungusha injini taratibu kwa mkono mpaka chuma kinatumbukia kwenye pengo la flaiwili. Hapo injini imesimama mahali pake, nyuzi chache kabla pistoni haijafika juu. Kisha unawasha swichi, unazungusha distribyuta pole pole mpaka taa ya kupimia iwake, unakaza. Halafu, tafadhali, KITOE chuma kabla ya kupiga stata. Mzee alirudia hili mara tatu.

Tano: safisha filta ya hewa, badilisha ya petroli, kisha injini ikishapata moto rekebisha skrubu za kabureta mpaka mngurumo uwe mmoja usiotetereka.

Mdogo wangu alimaliza saa tisa mchana. Mtu wa vyuma alikuja kweli na mizani yake. Akakuta gari linanguruma uani, Ami amekaa nyuma ya usukani, yule yule aliyesema si mali! Akanywa chai, akaondoka.

Jumatatu gari lilipanda Mazeras na nazi bila kukohoa. Sisemi kwamba litaishi milele. Bodi inaoza kwa chumvi ya pwani, na siku moja tutaliaga, na Ami hatakuwa amekosea. Ila likifa, life kwa sababu limechoka, si kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuhesabu kutoka nyuma.

Kuna hekalu hapa Huangpu linaitwa Nanhai, hekalu la mungu wa bahari ya kusini, limejengwa tangu mwaka 594. Ndani kuna sanamu ya mgeni mwenye uso mweusi, ameweka mkono juu ya macho anatazama baharini. Wenyeji wanasimulia kwamba alikuja na meli, akashuka kupanda mbegu za mafenesi aliyokuja nayo, akachelewa, meli ikamwacha. Nilipoambiwa hadithi hiyo mwaka wa kwanza nililia. Safari hii nilipopita nilimtazama vingine. Mafenesi yake yanaota hapa mpaka leo.

Mama, mzee anakusalimu. Anauliza kama gari bado linawaka asubuhi kwa baridi. Nimemwambia kwetu hakuna baridi. Na mdogo wangu, wiki ijayo fundi yule mwite uani, mpe chai, mwonyeshe silinda namba moja iko wapi. Mwimbie wimbo.

Nawatakia wiki njema. Nikipata likizo Desemba, Mungu akipenda, nitashika tochi.